Spika Ndogo za Mezani: Ipi Ipewe Nafasi ya Kwanza

Mtu anayeingia katika maduka ya vifaa vya sauti katikati ya Kampala akiulizia spika za kuweka kando ya kompyuta huonyeshwa kwanza sabufa yenye taa za rangi, ambayo boksi lake limebandikwa karatasi inayotangaza maelfu ya wati. Muuzaji hana nia mbaya, kwani hicho ndicho kinachouzika kwa wateja wanaotaka kujaza sebule au kuchangamsha saluni. Lakini anayeketi sentimita 70 tu kutoka kwenye spika, akihariri sauti, akifuatilia masomo ya mtandaoni au akisikiliza muziki kwa utulivu baada ya kazi, ana haja nyingine kabisa, na ni yeye ninayemwandikia hapa.

Wati ndizo zinazowapotosha wengi. Ile namba kubwa inayoandikwa pamoja na herufi PMPO haielezi nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa kwa mfululizo. Namba ya kutafuta ni ile ya RMS, yaani nguvu ya mfululizo, na kwa spika za mezani huwa ndogo kiasi cha kumfanya mnunuzi adhani ameonyeshwa kitu dhaifu. Hakuna udhaifu hapo. Spika ya ukubwa huu hutoa takriban desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja tu ukiwa umbali wa mita moja, na hiyo tayari ni sauti ambayo wengi wetu tungeipunguza tukiwa mezani. Isitoshe, kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 pekee, kwa hiyo anayelipa zaidi ili atoke wati 21 afike wati 25 ananunua tofauti ambayo sikio lake halitaitambua.

Kinachofaa kupimwa kwa makini ni ukubwa wa wufa, yaani ile koni inayotoa sauti nene, na jinsi inavyoshuka kwenye besi. Wufa ya inchi 4 hufika kwenye hezi 60 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde; namba ikiwa ndogo, sauti ni nene zaidi), ilhali ile ya inchi 3.5 huishia karibu na hezi 80. Waya mnene zaidi wa gitaa la besi hulia kwenye hezi 41, maana yake ni kwamba hakuna hata moja kati ya spika hizi itakayokupa mngurumo wote, na anayeahidi kinyume cha hivyo kwa kiboksi cha urefu wa mkono wa mtoto hasemi kweli. Kwa sauti za watu, gitaa la muziki wa kadongo kamu, endingidi (fidla ya uzi mmoja) na sehemu kubwa ya nyuzi za adungu (kinubi), upungufu huo hausumbui. Ni katika ngoma kubwa na besi za muziki wa dansi ndipo unapousikia.

Kwa kuzingatia hayo, nafasi ya kwanza naipa Edifier MR4. Ina wufa ya inchi 4, twita (kispika cha sauti nyembamba) ya hariri ya inchi 1 na wati 21 za kweli kwa kila upande, na imetengenezwa kwa namna ya spika za studio, yaani haiongezi chumvi kwenye besi ili kukufurahisha kwa dakika tano za dukani. Mbele ina kitufe cha sauti, tundu la hedifoni na tundu la waya wa milimita 3.5, mambo yanayoonekana madogo mpaka siku utakapomiliki spika inayokulazimu kupapasa nyuma ya meza kila unapotaka kupunguza sauti. Haina Bluetooth. Kwangu hilo si kasoro, kwa kuwa waya haucheleweshi sauti nyuma ya midomo ya msemaji kwenye video, lakini anayetaka kucheza muziki kutoka kwenye simu akiwa kitandani atalalamika.

PreSonus Eris E3.5 inaifuata kwa karibu sana, na kwa meza nyembamba ningeitanguliza bila kusita. Ni ndogo zaidi, ina vitufe vya nyuma vya kurekebisha sauti nyembamba na nene kulingana na chumba, na matamshi ya watu husikika humo kwa usafi unaomfaa mtayarishaji wa vipindi vya redio. Imeshuka nafasi moja kwa sababu ya besi yake fupi, na pia kwa sababu tundu lake la hewa liko nyuma, hivyo ukiisukuma hadi ukutani sauti hufumba na kuunguruma.

Ya tatu ni Edifier R1280DB, ambayo ina Bluetooth, remoti na tundu la optiko la kuunganishia televisheni. Hii ni spika ya mtu ambaye meza yake ya kazi ndiyo sebule yake, na wenye chumba kimoja ni wengi. Sauti yake ni ya joto na ya kupendeza, ila si sahihi kama ya zile mbili za juu. Asiyehitaji Bluetooth achukue ndugu yake R1280T, abaki na chenji.

Ya nne ni Creative Pebble, na hapa nitakaa kidogo, maana kwa msomaji fulani ndiyo inayostahili kuwa ya kwanza. Ni spika mbili za umbo la mpira zinazotazama juu kwa nyuzi 45 kuelekea usoni, na Pebble ya kawaida hula umeme kutoka kwenye tundu la USB la kompyuta, haina plagi ya ukutani. Mwanafunzi anayepanga Kikoni, mtaa wa karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, anaelewa mara moja faida yake: umeme ukikatika usiku, au yunit za Yaka (umeme wa kulipia kabla) zikiisha kabla ya mwisho wa mwezi, kompyuta huendelea kwa betri na spika huendelea nayo. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya zile za juu. Besi yake ni kidogo na sauti haitoshi kusikika chumba cha pili, lakini kwa mihadhara na filamu ya peke yako inatosha.

Audioengine A2+ ni nzuri, lakini sikuiingiza kwenye safu kwa kuwa bei yake hupita mara mbili ya MR4 ilhali wufa yake ni ya inchi 2.75. Sabufa ya vipande vitatu naiweka mwisho. Ile ndoo ya besi huwekwa sakafuni chini ya meza, mbali na spika zake ndogo, na matokeo yake ni ngoma inayopiga miguuni huku mwimbaji akisikika kama yuko ndani ya kopo.

Kuna jambo la umeme ambalo huharibu vifaa vingi kuliko uchakavu. Uganda tunatumia volti 240, na spika zinazoletwa na jamaa kutoka Marekani mara nyingi zimetengenezwa kwa volti 120. Mdogo wangu aliletewa jozi safi kabisa, akanunua adapta ya kubadilisha umbo la plagi akidhani inabadilisha pia umeme, na muziki wake wa kwanza ukawa moshi. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Kisha, kwa kuwa umeme hurudi kwa kishindo baada ya kukatika, nunua kinga ya soketi, na anayetumia inveta ya sola aulize kama inatoa mawimbi laini ya umeme (pure sine wave), vinginevyo spika inaweza kuvuma mfululizo.

Ukifika dukani, omba iwashwe bila muziki, upandishe sauti hadi juu na usogeze sikio karibu na twita. Sauti kubwa ya “shhh” inayosikika ukiwa umbali wa mkono itakuchosha kila siku. Zungusha kitufe polepole usikie kama kinakwaruza. Cheza wimbo unaoujua vizuri, mtu mmoja na gitaa moja, ukae katikati: mwimbaji asikike mbele yako, si upande mmoja. Kama ni za mitumba, kagua kwa macho mpira unaoizunguka koni ya wufa, kwani ukipasuka gharama ya fundi hukaribia bei ya spika nyingine.

Nyumbani, ziinue hadi twita zifikie usawa wa masikio, hata kwa kutumia vitabu viwili vinene, na zielekeze kwako ili umbali kati yake ulingane na umbali wa kila moja hadi kwako. Zikilala moja kwa moja juu ya mbao, sauti inayodunda kutoka kwenye meza huchafua maneno. Zikianza kuvuma mara unapochomeka chaja ya kompyuta, chomeka chaja na spika kwenye soketi ya pamoja kabla ya kumrudishia muuzaji mali yake, na hifadhi risiti na boksi walau kwa majuma mawili ya kwanza.