Difu loki na shafti za mkonga: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Shafti ngumu haizuii gari kuvunjika, inahamisha tu pale pa kuvunjikia. Ukifunga hafshafti (zile shafti zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye tairi) za kromoli, yaani chuma kigumu zaidi, kwenye difu iliyochoka, siku ya kukatika yatakatika meno ya kraunwili, ile gia kubwa ya ndani ya difu, na hapo umetoka kwenye kazi ya kuchomoa shafti chini ya mti umeingia kwenye kazi ya kushusha difu nzima. Kwa hiyo kabla hujamtumia mtu hela, jua kwanza gari yako ni dhaifu wapi. Hapa naongelea zaidi mkonga, yaani Land Cruiser za 70, HZJ78 na HZJ79 zenye injini ya 1HZ, maana ndizo zinazopiga kazi ya porini huku kwetu, za tours, za miradi, za migodini. Wenye Prado na Defender nitawagusa huko mbele.

Raha ya mkonga ni kwamba ekseli ya nyuma uzito wa gari unabebwa na beringi za kwenye habu, shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika unafungua nati za habu, unachomoa, unaziba tundu oili isimwagike na mchanga usiingie, unaweka fo wili unatoka kwa kuvutwa na miguu ya mbele. Kwenye Prado shafti ya nyuma ndiyo imeshika na tairi, ikikatika vibaya tairi yenyewe inaweza kukuaga, hivyo kwa Prado hela ya kwanza iende kwenye shafti nzima na beringi nzima, loki baadaye.

Sasa twende kwenye loki, kile kifaa cha kufunga difu ili tairi mbili za ekseli moja zizunguke pamoja, nitapanga kuanzia ninayoipenda.

Ya kwanza ni loki ya umeme ya kiwandani, used ya Japani au zile zinazopitia Sharjah. Toyota wenyewe walizifunga kwenye baadhi ya gari zao, zina nguvu, na ukiwa hujabonyeza difu inafanya kazi kama difu ya kawaida. Ila nunua ekseli nzima, usinunue kichwa cha difu (kile kipande chenye gia) peke yake, kwa sababu ile mota imekaa pembeni ya kichwa na haiingii kwenye nyumba ya ekseli isiyo ya loki mpaka nyumba ikatwe na kutobolewa, na fundi wengi watakwambia inaingia tu bosi, halafu unamkuta na grainda. Pima upana na sehemu za springi pia, ekseli ya Land Cruiser 80 inakaa kwenye springi za koili na nyuma ya mkonga inakaa kwenye springi za majani, haviendi kwa kupachika. Halafu mota ndiyo inayokufa kwanza, gari iliyokaa miaka bila loki kubonyezwa mota inashika kutu inaganda, kwa hiyo usilipe kabla hujaiona ikisukuma na kurudisha, na uliza ni ya volti 12 au 24. Ukishaifunga, bonyeza loki mara moja kwa mwezi hata kama huna shida nayo, kwenye vumbi au mchanga, sio kwenye lami.

Ya pili, na kwa mwenye hela hii ndiyo ya kwanza kabisa, ni ARB Air Locker ya Australia. Inaingia kwenye nyumba yako hiyohiyo na resho yako hiyohiyo (uwiano wa meno ya difu), hukati kitu, na kompresa yake inakusaidia kujaza upepo ukitoka kwenye mchanga. Lakini bei yake haijaisha ukinunua boksi, ongeza kompresa, waya, beringi mpya na fundi anayejua. Ugonjwa wake mkubwa ni upepo kuvuja: oringi zikichoka hewa inaingia kwenye oili ya difu na oili inatokea kwenye bridha (tundu la kupumulia la difu), au ule mrija mwembamba unakatwa na jiwe. Mrija ufungwe juu ya chesisi, ukae mbali na egzosi.

Ya tatu Truetrac ya Eaton. Hii haina swichi, haina waya, ndani ni gia zinazokabana zenyewe tairi moja ikianza kuteleza. Kwa gari ya tours inayoshinda kwenye udongo mweusi wa mbuga na dereva anabadilika kila safari, mimi ningefunga hii kabla ya loki yoyote, maana hakuna cha kusahau kubonyeza wala cha kusahau kutoa. Udhaifu wake ni mmoja, tairi ikining'inia hewani kabisa inakosa cha kukabana nacho, hapo inabidi ukanyage breki kidogo huku unaongeza moto. Kabla ya kuagiza, muuzaji akuthibitishie kwamba inaingia kwenye difu yako.

Zile loki za kujifunga zenyewe zinazoingia ndani ya difu yako ya zamani, Lock-Right, Lokka na wenzao, ni za bei rahisi na hazihitaji kupanga upya kraunwili, zinatoa tu zile gia ndogo za katikati. Nyuma siipendi, inagonga kwenye kona na inakula tairi, ukiwa na mzigo kwenye lami yenye maji mkia unaweza kukushangaza. Mbele kwenye mkonga wenye frii wili (habu za kuunganisha na kuachia tairi za mbele) ni hesabu nyingine kabisa, ukifungua frii wili haina shida na wewe. Difu ya kuchomelea, yaani gia zake zimechomelewa zikafungana moja kwa moja, mwachie mwenye gari ya shamba.

Na kama muuzaji amekwambia gari imekuja na LSD, yaani difu yenye sahani za kupunguza kuteleza, sahani zake zikishaisha unabaki na difu ya kawaida yenye jina kubwa.

Kuhusu resho watu wanatapeliwa sana. Tairi ya kiwandani ya mkonga, 7.50R16, ina kimo cha kama inchi 31.7, kwa hiyo ukipanda kwenda inchi 33 umeongeza asilimia 4 tu, usibadili kitu. Ukienda 35, chukua resho yako, zidisha kwa 35, gawanya kwa 31.7: kama ni 4.10 unapata kama 4.53, tafuta iliyo karibu na hapo. Ukinunua kichwa cha used usiamini maandishi ya chaki, hesabu meno mwenyewe, 37 ya kraunwili kwa 9 ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ni 4.11, ndiyo hiyo wanayoiita 4.10. Na lazima mbele na nyuma vilingane, la sivyo siku ukiweka fo wili kwenye ardhi ngumu unasaga kila kitu kwa pamoja, tairi, transfa (boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma), propela (shafti ndefu ya kutoka transfa kwenda difu).

Fundi ndiye nusu ya bidhaa. Muulize anapimaje mwanya wa meno. Akikuonyesha geji ya saa yenye mguu wa sumaku kaa naye, akishika flanji akaitikisa kwa mkono akasema "iko poa" chukua spea zako uondoke. Kwa difu nyingi za Toyota mwanya huo ni kama milimita 0.13 mpaka 0.18, huwezi kuusikia kwa vidole. Halafu apake rangi kwenye meno, azungushe, akuonyeshe alama: inatakiwa ikae katikati ya jino, isiwe juu kabisa wala isizame kwenye shina. Ikiwa pembeni, difu itaanza kuimba kabla hujafika Chalinze.

Haya, shafti. Nyuma kwa mkonga wenye 1HZ isiyo na tabo na tairi za kawaida, hafshafti orijino used zisizo na mistari iliyojipinda zinatosha. Angalia yale meno ya mwishoni, yakiwa yamelala kama uzi uliosokotwa, ishafika mwisho hiyo, hata kama muuzaji wa spea wa Gerezani Dar au Kirinyaga Road Nairobi anakuapia. Kromoli inunue mbele kwanza, kwenye jointi za ndani ya nako (pale tairi ya mbele inapogeukia), kwa sababu ndizo zinazopasuka ukiwa umekata usukani mpaka mwisho halafu unakanyaga, hasa ukiwa unarudi rivasi juu ya mawe na loki ya mbele imefungwa. Ukinunua, chukua jointi na shafti ya ndani pamoja, kununua nusu ni kuhamisha tatizo nusu mita.

Propela ndiyo inayosahaulika na ndiyo inayoua safari nyingi. Gari zilizorefushwa Arusha zina propela iliyorefushwa pia, na ikichomelewa bila kupangwa zile uma mbili za mwisho zikatazamana sawasawa, au bila kubalansiwa kwenye mashine, unapata mtetemo usioisha na jointi mpya zinakufa mapema. Ukipandisha gari zaidi ya inchi 2 pembe inakuwa kali, hapo omba propela yenye jointi mbili upande wa transfa. Jointi nunua zenye nipo ya grisi, na ukipiga grisi endelea mpaka uione mpya ikitoka kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kisichotoa grisi ndicho kitakachokuangusha. Ukisikia "tok" kila ukitoka rivasi kwenda mbele, lala chini uishike uitikise kabla hujalaumu difu.

Defender za zamani zenye hafshafti za meno 10 zina jina baya la kukatika, za meno 24 ni afadhali, na difu zake zenye gia ndogo mbili ndani zibadilishwe kwenda nne kabla hujafikiria loki. Prado usipandishe kupita inchi 2 bila kushusha difu ya mbele, CV joint (jointi za shafti za mbele) zinakaa kwa pembe mbaya na buti, ile mipira inayozifunika, zinachanika, mchanga ukiingia imekwisha.

Vitu vya bei ndogo vinakuja kabla ya vyote hivi. Bridha zirefushwe mpaka juu, difu ya moto ikiingia mtoni inapoa ghafla, inavuta maji kupitia sili, na ukifungua oili unakuta rangi ya chai ya maziwa. Oili iwe GL-5, 80W-90 au 85W-90, nunua sehemu inayouza kwa jina lake, feki zimejaa. Gia mpya ziendeshe taratibu bila mzigo kilomita kama 30, ziache zipoe kabisa, rudia hivyo mara kadhaa, na ukifika kilomita 800 mwaga oili. Unga mwembamba kwenye sumaku ya nati ni kawaida, vipande vinavyoshikika kwa kucha rudi kwa fundi siku hiyohiyo. Na kwenye boksi la spea weka hafshafti moja ndefu na moja fupi, maana haziingiliani, gasketi za habu, jointi moja ya propela na klipu zake, hizo klipu zibebe za ziada.