Matembezi ya Msitu wa Epping: nendeni, ila na gambuti

Kama unaishi mashariki ya London na hujawahi kukanyaga Msitu wa Epping, kipo kikundi cha wapenda mimea kinachotembeza watu bure kila Oktoba. Unashuka Loughton kwa treni ya Central, unamkuta kiongozi nje ya stesheni, mama mtu mzima mwenye fimbo, mnaingia msituni kwa miguu. Mimi nimekulia Lushoto, sibabaishwi na miti. Huyu mama aliniweza.

Si kwa rangi. Rangi zipo tele, majani ya miti iitwayo beech yanatoka manjano hadi shaba, na kwetu Magamba msitu hauvui nguo zote kwa mpigo namna hii. Kilichonishika ni mashina. Mengi ni mafupi na manene, halafu juu ya kimo cha mtu yanachomoza matawi makubwa kila upande, mwanzo nikadhani ni ugonjwa. Kumbe ni kuni! Kwa karne nyingi wenyeji walikata matawi kwa juu, machipukizi yasifikiwe na ng'ombe wala paa, wakarudi kukata tena baada ya miaka kadhaa. Miaka ya 1860 wenye ardhi walipoanza kuweka uzio, mzee wa Loughton, Thomas Willingale, aliendelea kukata kuni zake vilevile. Sheria ya 1878 iliuacha msitu wazi kwa watu wote, ila haki ya kuni ikafutwa. Fidia yake ikajenga ukumbi uitwao Lopping Hall, na bado umesimama pale mjini. Kwenye msafara ule sidhani kama kuna mwingine aliyewahi kubeba mzigo wa kuni kichwani. Nilimwelewa mzee Willingale bila kufafanuliwa.

Sasa kasoro. Mwendo ni wa pole kupita kiasi, kila uyoga lazima usimamiwe. Ukija kufanya mazoezi utakereka. Mwanangu alianza kununa kabla hatujafika Loughton Camp, boma la udongo la watu wa kale, akachangamka alipoona uyoga mwekundu wenye madoa meupe. Ule una sumu, na hata usio na sumu ni marufuku kuuchuma Epping, kwa hiyo vikapu acheni nyumbani. Kundi nalo lilikuwa kubwa mno; wa nyuma walikuwa wanaambulia vicheko tu bila kusikia kilichochekesha. Jisogezeni mbele.

Tope ni la kweli, raba hazifai. Chai ya kununua ipo kijiji cha High Beach, humo humo msituni, lakini bebeni thamosi yenu ya tangawizi. Yangu mama kiongozi aliionja, akaongeza.

Wahini kabla saa hazijarudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, maana baada ya hapo saa kumi na moja jioni ni giza. Nyota nne. Ya tano nitaitoa wakiligawa kundi.