Tucson au Santa Fe kwa likizo ya kutulia?

Kama unataka mji wa jangwani Marekani wa kutembea polepole bila ratiba ya kukimbizana, mi nakuambia anza na Tucson, jimbo la Arizona, ila uende kati ya Novemba na Machi maana kiangazi joto linapita digrii 38 na saa nne asubuhi tu ushachoka. Hifadhi ya Saguaro National Park imegawanyika mara mbili, upande wa mashariki na magharibi ya mji, we chagua magharibi jioni, jua likizama yale madungusi marefu ya saguaro (mimea ya miiba ya jangwani) yanageuka meusi kama watu wameinua mikono, na mkono wa kwanza wa mmea, yaani tawi lake, unaweza kuchukua miaka 75 kuota! Kesho yake nenda kanisa la San Xavier del Bac, jeupe pe, lilimalizika 1797, kaa tu ndani kimya. Msosi nao usiseme, UNESCO waliutambua mji kwa mapishi 2015.

Santa Fe, jimbo la New Mexico, ni tofauti kabisa, iko juu zaidi ya mita 2,100 kwa hiyo siku ya kwanza kunywa maji mengi na usipande vilima, usiku baridi hata kiangazi. Nyumba za udongo, magalari ya sanaa ya mtaa wa Canyon Road, mafundi wenyeji wanauza vito vya feruzi barazani pale Palace of the Governors, jengo la zamani la magavana. Nzuri sana ila bei zimechangamka, hoteli hasa.

Ukiwa na wazazi, Tucson. Mpenda sanaa, Santa Fe, na uende Septemba.