Kubadilisha nailoni ya kitalu nyumba: uzoefu wangu Iringa

Kama unatafuta mafundi wa kufunika kitalu nyumba, yaani banda la nailoni la kulimia mazao, ushauri wangu ni kwamba uweke fedha kwenye ufundi kwanza, nailoni ya bei mbaya baadaye. Nalima nyanya, aina ya Anna F1, pembezoni mwa mji wa Iringa, kwenye kitalu cha mita 8 kwa 15 chenye nguzo za mti wa mlingoti (mkaratusi) na matao ya bomba za chuma. Nailoni yangu ya kwanza haikuwa na shida yoyote: unene wa maikroni 200, kinga ya UV (miale ya jua), ya kukaa miaka mitatu na zaidi. Msimu wa pili haikuumaliza. Waliokuja kuifunga waliikaza mchana jua likiwa la utosi, wakaipigilia misumari moja kwa moja kwenye mbao. Nailoni ikipata joto hulegea na kutanuka. Usiku wa baridi ya huku kwetu inajivuta, na kila tundu la msumari linakuwa mwanzo wa mpasuko. Upepo wa mwezi wa tisa ukamalizia.

Safari hii nilipata kikosi cha vijana wanaofunga vitalu tu, hawachanganyi na kazi nyingine. Kiongozi wao alikubali twende naye dukani kabla sijalipa. "Mama, usisome maandishi ya kwenye roli, pima," aliniambia. Hesabu yake ni rahisi na naiandika hapa kwa sababu itamwokoa mtu. Nailoni ya maikroni 200 ina uzito wa gramu 184 hivi kwa kila mita ya mraba. Mimi nilihitaji mita 12 kwa 17, yaani mita za mraba 204, kwa hiyo lazima ikaribie kilo 37 na nusu. Ukiuziwa ya maikroni 150 kwa bei ya 200, mzani utasoma kilo 28 tu. Tuliipandisha kwenye mzani wa magunia palepale dukani na ilikuwa sawasawa.

Kilichonivutia zaidi ni maandalizi. Walikuja mchana wa kuamkia siku ya kazi na roli hawakuligusa. Kijana mmoja aliomba kipande cha kanga kuukuu, akakipitisha taratibu juu ya kila ubao na kila tao. Pale kanga ilipokwama tu, akasimama, akapiga msasa, akapitisha tena mpaka ikateleza. Vichwa vya bolti walivifunga kwa vipande vya nailoni ya zamani. Bomba walizipaka rangi nyeupe ya maji upande wa juu, pale nailoni inapolala. Chuma kitupu kikipigwa na jua kinaichoma nailoni taratibu, na ndiyo maana nailoni nyingi huanza kukatika kwa mistari iliyonyooka juu ya matao. Rangi ya mafuta hawaitaki, inaila nailoni.

Halafu wakaniuliza kuhusu oili chafu. Nguzo zetu karibu zote hupakwa oili chafu kuzuia mchwa, na kwa nailoni hilo halina ubaya kwenye sehemu inayozama ardhini. Ila oili ikipanda juu na kugusana na nailoni, kinga yake ya jua inaharibika. Nguzo mbili zilikuwa na oili mpaka juu, wakazivika mbao safi kabla ya kuendelea.

Kufunika kwenyewe kulianza umande ulipokauka, upepo ukiwa bado umelala. Walifunga vijiwe laini kwenye ukingo wa nailoni, kila kijiwe na kamba yake, wakarusha kamba upande wa pili wa paa, na watu sita wakavuta kwa pamoja huku mmoja akihesabu. Kabla ya kurusha walitafuta maandishi yanayoonyesha upande wa ndani. Hili msilipuuze. Upande huo umetengenezwa ili matone ya unyevu yateleze hadi pembeni badala ya kudondokea mimea, na jani lililolowa kila asubuhi ndilo linaloalika ugonjwa wa bakajani.

Hawakutumia misumari. Walifunga reli nyembamba za alumini kuzunguka kitalu chote, nailoni ikawekwa juu ya reli, kisha waya uliokunjwakunjwa ukasukumwa ndani, kona kwa kona, hadi ukabana. Nailoni haitobolewi popote, na ikilegea unachomoa waya, unavuta, unarudisha. Kufikia saa nne asubuhi paa lilikuwa limekamilika, limekaza kiasi kwamba ukilikandamiza kwa kiganja linazama kidogo tu. Pembeni waliweka neti ya wadudu kwa ajili ya kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, na sketi ya nailoni chini wakaifukia kwenye mtaro.

Mvua za Novemba hadi Aprili zimepita juu yake, na upepo wa kiangazi pia. Hakuna mpasuko hata mmoja, na maji hayakutuama paani. Asubuhi nikiingia naona matone yakishuka kwa mstari ukutani, majani makavu. Nimeacha pia kupuliza salfa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe kwenye majani, kwa ushauri wao, maana salfa ikigusa nailoni mara kwa mara inaimaliza upesi na inaweza kukupotezea dhamana.

Ya kulalamikia yapo. Bei ya ufundi ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya waliotangulia, na reli pamoja na waya ni gharama ya ziada ambayo haikutajwa vizuri tulipopatana kwa simu. Mkisema nao, ombeni orodha ya vifaa vyote kwa maandishi kabla ya kutoa malipo ya awali. Hawakuniachia gundi ya kuziba matundu, ikabidi niitafute mwenyewe mjini, na si kila duka la pembejeo linayo. Uwazi wa kutolea hewa moto juu ya paa waliuacha mdogo kuliko nilivyotaka. Mwezi wa kumi joto la ndani saa nane mchana ni kubwa na maua ya nyanya yanapukutika. Nimewapigia, wamekubali kuja kuupanua bila malipo nyanya zilizopo zikishaisha kuvunwa. Kazi ya kitalu changu cha pili, cha pilipili hoho, nimewapa wao.