Mwaka na nusu wa kuunga mabati kwa gundi badala ya kuyachomelea: uzoefu wangu

Milango ya makasha ya mashine ndiyo iliyonifikisha kwenye gundi. Karakana yetu hutengeneza makasha ya chuma ya kufunikia mitambo, na mlango mmoja ni bati la milimita 1.2 lenye urefu unaokaribia wa mtu mzima, na nyuma yake mbavu tatu za kulikaza lisiyumbe. Kwa miaka mingi mbavu hizo tulizichomelea kwa vidoti, yaani nukta ndogo za moto zilizoachana. Kila kidoti kilivuta bati kidogo na kuacha kovu upande wa mbele, upande ule ule anaouona mteja. Baada ya hapo kuna kunyoosha kwa nyundo, grenda, pati, msasa, halafu rangi. Na bado jua la jioni likipiga ubavuni unaona mbavu zote tatu zimejichora kama mifupa ya ng'ombe aliyekonda. Nilichoka kumwambia mteja kwamba ndivyo bati jembamba lilivyo.

Nilianza na gundi ya akriliki ya sehemu mbili, ile inayokuja katika katriji yenye vyumba viwili, ukiibana kwa bunduki yake resini na hadina (dawa inayoigandisha) vinakutana ndani ya mrija wa kuchanganyia na kutoka vikiwa tayari. Baadaye niliongeza epoksi kwa kazi za alumini. Nimeshazitumia zote mbili kiasi cha kuzizungumzia bila kubahatisha, na nitaeleza yaliyonipendeza na yaliyoniumiza.

Mlango wa kwanza tuliutoa kwenye klampu baada ya kama nusu saa. Niliupaka rangi kesho yake, nikausimamisha mlangoni mwa karakana na kuutazama kwa pembe kila upande. Hapakuwa na kovu. Hatukuutia pati hata kidogo. Fundi wetu mkuu wa kuchomelea, mzee ambaye mkono wake nauamini kuliko wangu, aliugonga kwa kiganja akasikiliza. Mlango uliochomelewa hulia kama debe, huu ulitoa sauti nzito, fupi. Gundi hujaa kwenye mshono wote na kumeza mtetemo, wakati vidoti hushika hapa na pale tu na kuacha bati katikati likicheza. Mzee akasema, "Sauti nimeipenda. Lakini nionyeshe palipoungana."

Sikuwa na cha kumwonyesha, na neno lake hilo ndilo lililonifundisha kazi hii kuliko karatasi yoyote ya maelekezo. Mshono wa kuchomelea unajieleza. Fundi mzoefu anautazama na kujua kama moto ulizama au umekaa juu juu, kama kuna vitundu, kama ukingo umeliwa. Mshono wa gundi umefichwa kati ya mabati mawili. Mzuri na mbaya, kwa nje, ni kitu kimoja.

Miezi miwili baadaye mlango mmoja ulirudi. Ubavu wa chini ulikuwa umeachia kuanzia ncha moja na kuendelea kubanduka hadi katikati, kama mtu aliyeshika ncha ya plasta na kuivuta taratibu. Nilikasirika, na lawama yangu ya kwanza ilikwenda kwa gundi. Tulipoufungua nilikuta makosa matatu, yote ya kwetu.

La kwanza lilikuwa umbo. Nilichukua mchoro uliobuniwa kwa ajili ya kuchomelea nikabadilisha tu neno. Ubavu ule ulikuwa na ukingo wa kushikia wa milimita 12, ambao kwa kidoti unatosha kabisa. Gundi ina tabia tofauti. Mabati mawili yakivutwa yateleze moja juu ya jingine, eneo lote la gundi linabeba kwa pamoja na nguvu yake inashangaza. Ukilinyanyua bati kwenye ukingo, uzito wote unaangukia mstari mwembamba wa mbele. Mstari huo ukikatika, unaofuata unabeba peke yake, kisha unaofuata. Gundi ile ile iliyoshinda mvuto wa kutelezesha inashindwa na mkono wa mtu.

Tukapanua ukingo hadi milimita 25, tukakunja ncha za mbavu zisiishie ghafla, na kila ncha tukaweka ribiti moja. Ribiti hiyo haibebi mzigo wa mlango, kazi yake ni kuzuia ncha isianze kubanduka. Nilifarijika kujua kwamba Lotus, watengenezaji wa magari wa Uingereza, walifanya jambo la aina hiyo hiyo katika gari lao la Elise la mwaka 1996: fremu ya vipande vya alumini vilivyounganishwa kwa epoksi, uzito wake kilo 68 tu, na penye hatari ya kubanduka wakaongeza vifungio vichache. Wangechomelea alumini ile wangeidhoofisha. Alumini ya aina ya 6061 iliyoimarishwa kwa joto hadi kiwango cha T6 huvumilia mvuto wa takriban megapaskali 310, yaani nyutoni 310 kwa kila milimita ya mraba, lakini pembeni mwa mshono wa kuchomelea inaweza kubaki na kitu kama nusu ya hizo, kwa sababu moto umeirudisha kwenye ulaini. Gundi haiigusi hali ya chuma. Kwetu sisi tunaofanya kazi na mabati membamba hiyo ni neema kubwa.

Nitoe tahadhari moja kwa anayedhani kuongeza upana kunaongeza nguvu bila mwisho. Mkazo hujilundika kwenye ncha mbili za eneo la kupishana, yaani pale bati moja linapolalia jingine, katikati panabeba kidogo. Ukiongeza kupishana mara mbili hupati nguvu mara mbili. Kupanua upande wa pili, yaani urefu wa mshono unaokabili mvuto, kunalipa zaidi.

Kosa la pili lilikuwa klampu. Mafundi wangu walikaza kama wanavyokaza bolti, mpaka gundi karibu yote ikatoka pembeni. Tulipobandua, bati na ubavu vilikuwa vimegusana chuma kwa chuma. Gundi inahitaji unene wake. Ya kwetu ina punje ndogo za kioo ndani yake zinazoweka nafasi ya robo milimita, lakini hata punje hizo haziokoi kazi ikiwa bati limelazimishwa kujipinda chini ya klampu. Sasa tunashikilia tu, hatukazi.

La tatu lilikuwa mrija. Ukifungua katriji mpya, vyumba viwili havianzi kutoka sawasawa. Unapaswa kuibana bila mrija mpaka sehemu zote mbili zitoke pamoja, kisha uvalishe mrija na kutupa kiasi cha kwanza kinachotoka humo. Kijana wangu aliona huo ni upotevu wa gundi ghali, akaanza kazi na tone la kwanza. Kipande cha sentimita nane mwanzoni mwa ubavu ule kilikuwa bado laini kama ubani wa kutafuna, miezi miwili baadaye. Na kipande hicho ndicho kilichokaa kwenye ncha, pale mbanduko ulipoanzia. Sikumlaumu kijana, kwa kuwa sikuwa nimemweleza sababu.

Kutokana na mlango huo nilielewa neno la mzee. Jicho la fundi halifi, linahamishwa. Huwezi kukagua mshono ukishafungwa, kwa hiyo unakagua kila kilichotangulia. Tunafuta mafuta kwa asetoni na kitambaa safi, tunapiga msasa, tunafuta tena, na kitambaa kikichafuka kinatupwa. Kisha tunanyunyizia maji safi kidogo kwenye kipande kimoja cha kundi: maji yakitanda kama utando mmoja, bati ni safi, yakijikusanya kuwa matone, mafuta bado yapo na kazi inarudi mwanzo. Ni kipimo cha sekunde kumi na kimetuepusha na aibu zaidi ya mara moja. Kwa alumini tunaharakisha, kwani ngozi ya oksidi inarudi mara tu baada ya msasa.

Pia kila siku tunatengeneza vipande viwili vya majaribio kwa gundi ile ile, bati lile lile na mikono ile ile. Upana milimita 25, kupishana milimita 12.5. Kesho yake tunavivuta mpaka vikatike. Gundi yenye nguvu ya megapaskali 20 katika eneo hilo inapaswa kubeba kama nyutoni 6,250, sawa na kuning'iniza zaidi ya kilo 600 kwenye eneo dogo kuliko stempu kubwa. Ila namba siyo kitu cha kwanza ninachotazama. Natazama nyuso zilizoachana. Gundi ikibaki pande zote mbili, imekatika yenyewe kwa ndani, maana yake ilishika chuma vizuri. Upande mmoja ukiwa mtupu unang'aa, gundi haikushika, na milango ya siku ile haitoki hata kama namba ilikuwa nzuri. Mzee ndiye anayefanya kazi hiyo sasa, na hana mpinzani. Alichokuwa akikisoma kwenye mshono wa moto, anakisoma kwenye uso uliokatika.

Joto la hewa nalo lina neno. Kama kanuni ya jumla, likipanda nyuzi 10 muda wa kufanyia kazi unapungua karibu nusu. Mchana wa joto gundi iligandia ndani ya mrija tukiwa bado tunapanga mbavu, na mrija ukiziba ni wa kutupa. Tulihamishia kazi ya gundi asubuhi. Usichanganye pia epoksi nyingi kwenye kopo moja: inajipasha moto yenyewe, inatoa moshi na kuganda mkononi mwako.

Tanuri la rangi ya unga lilitutesa vilevile. Rangi hiyo huiva kwa nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, na akriliki yetu ya kwanza haikuwa ya joto hilo. Mbavu ziliteleza. Tulibadili na kuchukua aina iliyotengenezwa kuvumilia tanuri. Soma karatasi ya bidhaa kabla ya kununua, sehemu ya joto hasa, kwa sababu namba ya nguvu inayoandikwa kwa herufi kubwa imepimwa kwenye joto la kawaida la chumba.

Kuna jambo ambalo muuzaji hakulitaja na mimi sikulifikiria: umeme. Mshono wa kuchomelea hupitisha umeme, gundi inauzuia. Kasha lenye vipande vilivyounganishwa kwa gundi tupu linaweza kuwa na paneli isiyofika kwenye waya wa ardhi, na waya wa moto ukiigusa, paneli hiyo inakuwa hatari kwa anayeishika. Fundi umeme ndiye aliyegundua alipopima kabla ya kukabidhi. Tangu siku hiyo kila paneli ina bolti yake na waya wake wa ardhi, na hakuna kasha linaloondoka bila kupimwa.

Fremu zinazobeba uzito bado tunachomelea, na sina mpango wa kuacha. Gundi chini ya mzigo usiopumzika inaweza kunyooka polepole kama utomvu, hasa ikichaguliwa vibaya. Julai 10, 2006, huko Boston, sehemu ya dari ya zege ya handaki iliangukia gari na kuua abiria. Wachunguzi walikuta bolti zilizoishikilia dari zilikuwa zimetiwa epoksi inayokauka haraka, isiyofaa kubeba mzigo wa kudumu, na zilikuwa zikichomoka taratibu. Nilipokuwa nikifikiria kutundika mota kwenye bamba la gundi, kisa hicho kilinirudisha nyuma. Na wanaoona ribiti pembeni ya gundi ni kinga ya kila kitu wasome habari za ndege ya Boeing 737 ya shirika la Aloha iliyopasuka paa angani huko Hawaii Aprili 28, 1988, ikampoteza mhudumu mmoja. Gundi ya mishono yake ilikuwa imeachia, kutu ikaingia, mzigo ukahamia kwenye ribiti ambazo hazikukusudiwa kuubeba peke yake, na nyufa zikaanzia kwenye matundu yake.

Kuhusu afya nitasema kwa ufupi lakini kwa uzito. Akriliki inanuka vibaya na inashika moto, fungua madirisha. Epoksi ambayo haijakauka inaweza kuipa ngozi mzio, na mzio huo ukishakupata hauondoki. Kijana wangu mmoja hawezi tena kushika kazi hiyo. Glavu za nitrili tulizinunua baada yake, na hilo linaniuma mpaka leo.

Je, ningenunua tena? Kwa milango, paneli na alumini, ndiyo, na sasa hata michoro yetu mipya inaanza na gundi. Ila asiye tayari kubadili mchoro, kufuta bati mara mbili na kukata vipande vya majaribio kila siku, abaki na mashine yake ya kuchomelea. Atalala usingizi mzuri zaidi.

Wengi huniuliza habari za kukarabati. Wiki iliyopita mlango mmoja uligongwa na folklifti na ubavu wa kati ukapinda. Tuliupasha kwa bunduki ya hewa moto kutoka upande wa nyuma mpaka gundi ikalegea, tukapitisha kisu chembamba cha pati, ubavu ukatoka mzima. Rangi ya mbele ilififia kidogo sehemu moja, ukubwa wa kiganja. Tukasafisha, tukapaka gundi mpya, na mzee akatengeneza vipande vyake viwili kama kawaida.