Anki kwa biolojia ya DAT: wiki kumi za kuhifadhi kwenye feri ya Likoni

Nilitaka niandike baada ya mtihani lakini nishaulizwa mara nyingi mno nahifadhi vipi biolojia kwa Anki, ile programu ya kadi za maswali na majibu, acha niandike sasa nikiwa bado na kadi mkononi.

Mie nasomea digrii Marekani, nimerudi nyumbani Likoni, Mombasa, likizo tangu Mei, na nikirudi Agosti nafanya DAT, ule mtihani wa kuingilia shule za udaktari wa meno kule. Kwa asiyeujua, sehemu ya sayansi ina maswali 100 kwa dakika 90, 40 ni biolojia, 30 kemia ya kawaida na 30 kemia ya ogania, kwa hivyo swali moja hata dakika nzima hulipati. Na biolojia yake haichimbi sana, lakini imetanda, hapa mitokondria, pale mimea, mara figo, mara jenetiki, mara tabia za wanyama, yaani huwezi kusema hii sura naiacha. Kwenye kemia unaweza kuhesabu ukafika, biolojia ama unajua ama hujui.

Wiki ya kwanza nilisoma vile nilivyozoea tangu Form One, kitabu na kalamu ya manjano, napaka mistari mpaka ukurasa wote unang'aa. Sura ya figo nimeisoma mara nne, kila nikiirudia naona aa hii naijua. Nikafunga kitabu nikajifanyia majaribio nikapata 17 kati ya 40. Hiyo siku iliniuma sana, manake saa nilizitia kweli, sikuwa nacheza. Ndipo nikaelewa kwamba kukitambua kitu kikiwa mbele ya macho yako ni jambo moja na kukitoa kichwani kitabu kikiwa kimefungwa ni jambo jingine, na mtihani unataka hilo la pili.

Hapo ndo nikaingia Anki. Ni programu ya kadi za maswali na majibu, ipo tangu 2006, kwenye kompyuta ni bure, kwenye Android pia ni bure (itafute kwa jina AnkiDroid), kwenye iPhone ndo unalipa, kama dola 25 mara moja tu. Unaona swali, unajibu moyoni, unageuza kadi, halafu wewe mwenyewe unaiambia ulikumbuka au la kwa vitufe vinne. Uliyoisahau inakurudia baada ya dakika chache, uliyoikumbuka inakuja kesho au keshokutwa, halafu baada ya siku kadhaa, halafu wiki, halafu mwezi. Tangu 2023 kuna mpangilio ndani yake unaitwa FSRS, uwashe, unapima kasi yako wewe ya kusahau na kupanga tarehe za kadi kulingana nayo.

Anki ni neno la Kijapani, maana yake kuhifadhi. Niliposoma hilo nilikaa nikafikiria chuo chetu cha Qur'ani nilipokuwa mdogo, vile ustadh hakukubali upokee aya mpya kabla hujamsikilizisha ya jana, halafu kuna siku za muraja'a ambazo hakuna jipya kabisa, ni kurudi nyuma tu, juzuu uliyoimaliza zamani unaisoma tena bila kutazama. Na ile hadithi ya ngamia sote tuliisikia, kwamba Qur'ani inaponyoka upesi kuliko ngamia kwenye kamba zake. Mjerumani mmoja Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana akaandika 1885 vile kumbukumbu inavyoporomoka haraka mwanzoni na vile kurudia kwa kupishanisha siku kunavyoishika. Sie tuliolelewa na muraja'a njia hii si ngeni, ugeni ni kwamba sikuwahi kuipeleka kwenye biolojia. Miaka yote ile ya sekondari nilikuwa nahifadhi kwa adabu jioni chuoni, na asubuhi shule nasoma ovyo.

Sasa nije kwa yaliyonishinda, manake programu ni nzuri lakini matumizi yake ndo kazi.

La kwanza, nilipakua furushi la maelfu ya kadi lililotengenezwa na mtu mwingine. Siku nne nilikuwa nabofya tu, nakumbuka umbo la sentensi, maana sina. Nikalifuta nikaanza kuandika zangu mwenyewe, 20 kwa siku, na kule kuandika peke yake tayari ni nusu ya kusoma.

La pili, kadi zangu za mwanzo zilikuwa kubwa mno. Nilikuwa na moja imeandikwa "Eleza kazi ya nefroni" (vile vichujio vidogo vya figo), nyuma yake mistari kumi na mbili. Kila ikija nakumbuka nane nasahau nne, sasa nibonyeze nimekumbuka au nimesahau? Nikaivunja ikawa kadi tisa. Damu inachujwa wapi? Glomerulasi. Maji mengi yanarudishwa mwilini sehemu gani? Neli iliyopinda ya mwanzo, ile iliyo karibu na glomerulasi. Homoni ya ADH, ile inayopunguza maji kwenye mkojo, inafanya kazi zaidi wapi? Mfereji wa kukusanya mkojo. Kila moja sekunde tano umemaliza. Tangu hapo figo haijanisumbua tena, na mie figo nilikuwa naiogopa.

La tatu ni harusi ya binamu yangu. Siku sita sikufungua simu kusoma, mnajua harusi zetu zilivyo. Kurudi nikakuta kadi 800 na zaidi zinanisubiri na moyo ukavunjika kabisa nikataka kuacha. Nilichofanya ni kuzima kadi mpya zote na kula 150 kila siku mpaka zikaisha, ilichukua zaidi ya wiki. Kwa hivyo ukiwa na shughuli, fanya hata dakika kumi ukiwa unasubiri hina ikauke, lakini usiache siku kavu kabisa.

Mahali inaponifaa zaidi ni feri. Asubuhi navuka kwenda kliniki moja ya meno mjini ambako nakaa kuangalia madaktari wanavyofanya kazi, jioni narudi, na kusubiri pamoja na kuvuka kwenda na kurudi nikihesabu napata kama dakika arobaini kwa siku ambazo zamani zilikuwa zinapotea. Haitaki bando, kadi zote zimo ndani ya simu, nikifika nyumbani nawasha intaneti kidogo zinajihifadhi na kwenye laptopu. Feri ikikaribia kutia nanga natia simu ndani ya pochi, pale kwenye kushuka watu wanasukumana na simu ikidondoka ndo basi.

Na kadi bora ninazo ni zile zilizotoka kwa watu. Siku moja kliniki aliletwa mtoto wa miaka minane, gego lake la utu uzima lililoota juzi tu lishatoboka, mamake anasema ni mabuyu na peremende kutwa nzima, akamuuliza daktari hii sehemu ngumu ya juu si itaota tena kama kucha? Daktari akamwelezea taratibu kwamba enameli ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini lakini seli zinazoitengeneza hupotea jino likishachomoza, kwa hivyo hakuna wa kuijenga upya. Jioni kwenye feri nikaandika kadi mbili. Enameli inatokana na tabaka gani la kiinitete? Ektodemu. Kwa nini haioti tena? Na kila ile ya pili ikija namwona yule mama alivyomshika mwanawe kidevu. Hiyo siisahau maisha.

Lakini Anki haikufundishi kitu usichokielewa. Usanisinuru nilijaribu kuuhifadhi kwa kadi bila kuuelewa, nikashindwa, ikabidi nirudi kitabuni nichore mzunguko wote kwenye daftari ndo nikatengeneza kadi. Wala haikupi kasi, kasi inatoka kwa maswali ya majaribio na saa mbele yako. Mie Jumamosi nafanya maswali 40 kwa dakika 36, na kila nililokosa linakuwa kadi usiku uleule. Kutoka 17 nikaenda 24, halafu 29, Jumamosi iliyopita 32. Na mkisoma ushauri wa zamani wa alama angalieni, zamani zilikuwa 1 mpaka 30, tangu Machi 2025 wanatumia 200 mpaka 600, msije mkachanganyikiwa.

Kwa mwenye miezi miwili au zaidi naipa nyota tano bila kusita. Mwenye siku kumi tu afanye maswali, kadi hazitawahi kumzungukia.

Jambo moja zaidi, hakikisheni kadi zenu kabla hamjazihifadhi. Mdogo wangu wa Form Three nimemwekea Anki kwenye simu ya mama, kadi nane kwa siku, na nikampa zangu za moyo, zile ambazo nilichora moyo kwenye karatasi nikaupiga picha nikafunika majina, programu ina sehemu yake ya kufunika picha. Juzi akaja na kitabu chake cha shule akaniambia, dada, hapa umeandika vali ya pande tatu iko kushoto. Nikamwambia angalia vizuri. Akaniambia angalia wewe, kushoto kwa moyo ni kulia kwa picha. Nikaangalia, alikuwa sawa, vali hiyo iko kulia kwa moyo, na mie kadi ile nimeijibu vile vile kwa wiki tatu nikibonyeza "nimekumbuka". Tumeifuta, tumechora upya pamoja mezani, na safari hii yeye ndiye aliyeandika majina.