Uzoefu wangu: kuingia nyambizi ya U-505, Chicago, ukiwa na habari za USS Atik kichwani

Anayefuatilia meli za mtego, zile manowari zilizovishwa sura ya meli ya mizigo ili kuivuta nyambizi karibu, aikate tiketi hii ya kuingia U-505, nyambizi ya Kijerumani iliyohifadhiwa katika makumbusho. Nyambizi iliyoizamisha USS Atik, meli ya mtego ya Marekani katika Vita Kuu ya Pili, ilikuwa U-123 ya Kijerumani, na U-505 ni ya jamii hiyohiyo, aina ya IX: urefu karibu mita 76, mirija minne ya topedo (makombora ya chini ya maji) omo, yaani mbele, na miwili tezi, yaani nyuma, topedo 22 kwa safari. Tiketi ya kuingia ndani hulipiwa mbali na kiingilio cha makumbusho. Ziara ni kama dakika 25, na maelezo ni ya kutekwa kwake Juni 1944, kwa hiyo habari za Atik zisome kabla.

Katikati ya injini mbili za dizeli ndipo nilipoelewa jinsi U-123 ilivyoponyoka. Atik, zamani meli ya mizigo Carolyn, ilificha mizinga minne ya inchi 4, na ngama zake, yaani vyumba vya chini vya mizigo, zilijazwa magogo ili ikipigwa isizame upesi. Usiku wa 26 Machi 1942, maili 300 hivi mashariki ya Norfolk, U-123 iliipiga topedo ubavu wa kushoto. Mabaharia wakashusha mashua kana kwamba wanaihama meli, nyambizi ikasogea juu ya maji, ndipo mizinga ikafunuliwa. Risasi zilifika hadi kwenye mnara ulio juu ya nyambizi na kumjeruhi vibaya kijana mmoja wa U-123, akafa, lakini chombo chenyewe hakikutobolewa. Dizeli zake ziliweza kuisukuma kwa kasi ya noti 18 (kama kilomita 33 kwa saa), ikaponyoka.

Hapo ndipo mtego wa namna hii huishia. Ukikosa kuua kwa mizinga ya mwanzo, adui ameshakujua, na topedo bado anazo. Hardegen, kamanda wa U-123, alirudi akiwa chini ya maji, akapiga chumba cha injini. Baadaye Atik ililipuka. Watu wote 141 walikufa. Inauma, maana meli za mtego za Marekani katika vita hiyo hazikuzamisha nyambizi hata moja.

Nyota tano. Milango ya kupitia vyumba ni tundu za duara, hivyo mrefu ainame na mkoba mkubwa uachwe. Kabla ya kuingia, zunguka nje uutazame mnara: nyambizi ikiwa juu ya maji, mpiga mzinga hupata huo na ukanda mwembamba wa sitaha, basi.